Nimechoka kuambiwa "kuraji" (jipe moyo): ninyi mnaopitia shimio (dawa kali za kansa), tumaini mnalishika vipi?

MshonajiNdosho (mwanzisha uzi)

Jambo wapendwa. Niko Goma, Ndosho, kazi yangu ni kushona. Nina kansa ya titi la kushoto na matibabu nafanyia Rwanda, ng'ambo ya bariyeri ya mpaka. Naandika usiku kwa kuwa mchana nyumba inajaa watu, na kila anayeingia ana neno lake.

Kwa kifupi: uvimbe niliusikia mwenyewe nikioga. Nyumbani wakasema ni karuho, eti kuna mteja mwenye wivu amenitegea sumu, nikapelekwa kwa mzee wa kutapisha. Nilitapika mpaka nikabaki ngozi na mifupa, uvimbe ukabaki palepale. Aliyekuja kunitoa huko ni yaya wangu, yaani mkubwa wangu wa kuzaliwa, anayefanya biashara Gisenyi, upande wa Rwanda. Hospitalini wakakata kipande cha nyama, wakakipeleka kupimwa, jibu likakaa wiki kadhaa ndipo likarudi. Mpango ukawa hivi: shimio kwanza ili uvimbe unywee, kisha operesheni, kisha mionzi.

Tangu hapo sijawahi kupata mwezi mmoja uliokwenda sawa. Mwisho wa Januari 2025 vita vilipoingia mjini, randevu yangu, siku ya kuonana na dokta, ilipita nikiwa chini ya kitanda na watoto. Njia zilipofunguka benki zikawa zimefungwa, na akiba yangu yote ilikuwa benki. Nikakopa. Nikifika kule wananitoa damu, nakaa kwenye benchi, muuguzi anarudi na karatasi: chembe nyeupe ziko chini, rudi wiki ijayo. Nauli ya watu wawili imekwenda. Sasa niko kwenye dawa ya pili, ile ya paclitaxel, vidole vimeshikwa na ganzi. Uzi kwenye sindano ya cherehani siwezi tena kuutia, ananitilia binti wa jirani. Na wiki hii dokta amepima uvimbe kwa rula yake akasema umepungua, ila si kama alivyotegemea.

Nikirudi nyumbani: "Kuraji, mama." "Usikate tamaa." "Mungu hatupi mtu." Najua wanasema kwa upendo. Lakini mtu akishasema kuraji, maongezi yamefungwa, siwezi tena kumwambia kwamba usiku jana nililia. Nikilia wanasema namkaribisha kifo.

Swali langu ni hilo. Sitafuti wa kunifariji. Nataka kujua ninyi mliopita au mnaopita humu mnaendeleaje kuamka asubuhi bila kujidanganya.

---

Kimya_Birere

Pole sana mama. Sina la kusema, nasoma tu. Nina dada yuko njia hiyohiyo.

---

MzeeWaKadutu

Mshonaji, aksanti kwa kuuliza bila kupaka sukari.

Mimi ni mwanaume, Bukavu, nina miaka zaidi ya sitini, na niliugua kansa ya titi. Ndiyo, titi. Wanaume tunaipata pia, kama mmoja kati ya wagonjwa mia. Chuchu ilikuwa imeingia ndani na inatoa damu kidogo kwenye singileti, nikadhani ni kijipu. Nilipoambiwa ni kansa ya titi, sikuogopa kufa, niliogopa jina. Rafiki zangu pale sokoni Kadutu niliwaambia ni kansa ya kifua. Mpaka leo wengi wanajua hivyo.

Nilikatwa, nikapata shimio, sasa niko kwenye kidonge cha tamoxifen, kila siku kwa miaka mitano, na dokta anasema wengine wanafika kumi. Hakuna anayekuonya juu ya hapa. Wakati wa shimio nyumba ilijaa watu na kuku. Ukifika kwenye kidonge, watu wanaona umepona, wanaondoka, wanakuja kukukopa. Wewe ndani bado unaogopa kila kikohozi. Mgongo ukiniuma kwa kubeba gunia, naanza kuhesabu watoto wangu.

Naendeleaje? Nimejiwekea sheria moja. Hofu ikija na dalili, naipa wiki mbili. Maumivu yakizidi wiki mbili bila sababu ninayoijua, naenda kuonwa. Yakiisha kabla, yameisha. Kabla ya sheria hiyo nilikuwa nakufa kila Jumatatu. Dokta wangu aliikubali, akaongeza vitu vitatu visivyosubiri: miguu kulegea ghafla, pumzi kukata, na kichwa kinachouma huku natapika.

Hilo si tumaini la kuimba kanisani, lakini ndilo linaloniwezesha kulala.

---

TibaAsiliKamili

Dada acha hiyo sumu ya wazungu inaua chembe zako nzuri. Kuna majani ya mstafeli na unga wa mizizi, wiki tatu uvimbe unayeyuka. Nina ushuhuda mwingi. Njoo inboksi.

---

Muuguzi_Himbi

Ndugu hapo juu, ungeandika hapa hadharani hiyo bei unayotaja inboksi.

Mshonaji, mimi ni muuguzi, Goma. Sikufahamu na siwezi kumsemea dokta wako, lakini kuna mambo mawili matatu katika maneno yako ambayo nadhani hujaelezewa, na kutojua kunakula moyo kuliko ugonjwa.

Chembe nyeupe. Dawa za shimio zinapiga chembe zinazogawanyika haraka. Kansa ni mojawapo. Nyingine ni mizizi ya nywele, ngozi ya ndani ya mdomo, na uboho ndani ya mifupa, mahali damu inapotengenezwa. Kwa dawa nyingi, chembe nyeupe zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha zinapanda tena. Ndiyo sababu ile dawa nyekundu, ya kwanza uliyopewa, mara nyingi inatolewa kila baada ya siku 21. Uboho wa mtu mmoja unawahi, wa mwingine unachelewa. Hospitali nyingi zinataka zile chembe za ulinzi, neutrofili, ziwe 1,000 au 1,500 kwa mikrolita kabla ya kukupa dozi nyingine. Zikiwa 600 wakakupa, mafua ya mtoto wako yanaweza kukulaza. Kwa hiyo ile karatasi ya "rudi wiki ijayo" haina maana kwamba dawa imeshindwa, wala kwamba mwili wako ni dhaifu kuliko wa wengine.

Hakuna chakula kinachozipandisha kwa usiku mmoja. Najua mtu atakuletea juisi ya betirave kwa sababu ina rangi ya damu. Kunywa ukiipenda. Itakubadilishia rangi ya mkojo, basi, na wewe ulishazoea mkojo mwekundu wa ile dawa ya kwanza. Kula lengalenga, maharage, sambaza, mayai, vyote vipikwe viive. Ile sambaza iliyokaushwa juani na inzi juu yake, iache kwa sasa. Majani na mizizi ambayo hujui inafanya nini kwenye ini, usichanganye na shimio, kwa sababu ini ndilo linaloshughulikia dawa zako.

Homa. Nunua kipimajoto. Ukifika 38, hata kama ni saa nane ya usiku, usingoje asubuhi, na usimeze parasetamoli kwanza ili ishuke. Tafuta hospitali iliyo karibu, uwaambie wazi: niko kwenye shimio, nina homa. Kabla haujafika usiku huo, fahamu tayari ni motari (dereva wa pikipiki) gani anaweza kukuchukua na ni njia gani iko wazi. Kwa mji wetu wa sasa hilo ni la lazima.

Ganzi. Usiifiche! Wagonjwa wengi wanaificha wakiogopa kupunguziwa dozi. Paclitaxel inaumiza neva za vidole, na dokta akijua mapema anaweza kupunguza kipimo au kubadili ratiba. Akichelewa kujua, ganzi inaweza kubaki. Kwa wengi inapungua miezi kadhaa baada ya dawa kuisha. Wewe ni mshonaji, mwambie kazi yako ni nini. Kwenye faili wameandika umri na uzito, huenda hakuna palipoandikwa kwamba vidole ndivyo vinavyokulisha.

Uvimbe kupungua kidogo. Umepungua. Operesheni inabaki kwenye mpango, na nyama itakayotolewa itapimwa tena, ndipo wanaamua kinachofuata. Uliza majibu ya vipokezi vyako, yaani alama zinazopimwa kwenye chembe za kansa: estrojeni, projesteroni, na HER2. Hayo ndiyo yanaonyesha kama kuna kidonge au sindano inayokufaa baada ya hapo. Andika maneno hayo kwenye karatasi, maana ukikaa mbele ya dokta utayasahau.

Mengine yatafuata, nina zamu.

---

MshonajiNdosho

Muuguzi, nimesoma mara mbili na kunakili kwenye daftari la vipimo vya wateja. Hilo la kumwambia kazi yangu sikulifikiria kabisa. Mimi nilikuwa najibu "vizuri, dokta" kila akiuliza, kama vile shuleni.

Mzee wa Kadutu, sheria yako ya wiki mbili naichukua.

---

PapaKatuba

Jambo Goma. Miye niko Lubumbashi, Katuba.

Bibi yangu, mke wangu, alipata kansa ya shingo ya kizazi. Huku kwetu mionzi tuliifuata ng'ambo, unapita mpaka wa Kasumbalesa katikati ya yale malori ya shaba, halafu basi mpaka Zambia. Tulipanga chumba karibu na hospitali moja kule. Alianza vizuri. Kisha mashine ikaharibika. Tukakaa tukisubiri, kodi ya chumba inakula dola zetu, na kila asubuhi tunaambiwa fundi anakuja. Alimaliza, lakini kwa kuchelewa. Mwaka uliofuata ikarudi.

Nasema ukweli kwa sababu umeuomba. Alipoambiwa imerudi, wakubwa wa familia walikutana kwangu, wakaamua asiambiwe. Eti atapoteza tumaini. Mimi nikanyamaza. Jioni akaniita akasema: "Papa wa watoto, ninyi wote mnatembea kwa vidole hapa ndani. Sema." Nikasema. Akalia, akaoga, akaomba bugali na samaki.

Kuanzia hapo nilimwona mtu mwingine. Aliacha kungojea kupona na akaanza kupanga. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa anakaribia Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Akasema: hiyo nitaiona. Kila dawa aliyomeza aliimeza kwa ajili ya hiyo. Maumivu yalipozidi tulipata mofini ya kunywa, chungu kama kwinini, lakini ilimwezesha kukaa kwenye kiti na kumsikiliza mtoto akirudia masomo. Watu walitutisha kwamba mofini inaua haraka. Si kweli. Maumivu ndiyo yalikuwa yanamuua, yeye alikuwa hali wala halali.

Matokeo yalipotoka mtoto alifaulu. Mnajua tunavyofanya, poda kichwani. Hakuwa na nguvu ya kusimama, mtoto akapiga magoti, na yeye akammwagia kopo zima, poda ikaingia mpaka kwenye shuka, kwenye chai, kwenye redio. Alicheka mpaka tukaogopa atakosa pumzi.

Alifariki baadaye. Sikuandika kukutisha, mama. Wewe uko kwenye matibabu ya kuponya, yeye hakuwa huko tena. Ninachosema ni kwamba waliotaka kumlinda na ukweli wangemnyima kile kipindi chote.

---

Neema_ya_Bwana77

Jamani huu ni uzi wa matumaini, mbona mnaleta habari za vifo? Dada anahitaji kujengwa. Kiri uzima! Ukienda chumba cha maombi siku saba kavu, Mungu anafunga kinywa cha hiyo kansa, na shimio hutalihitaji tena.

---

MshonajiNdosho

Neema, habari ya Papa Katuba imenijenga kuliko vingi nilivyosikia mwaka huu. Muache aseme. Papa, pole, na aksanti. Nimecheka kwa ile poda ndani ya chai.

Kuhusu maombi, mimi ni mkristo, naimba kwaya. Siku saba kavu, bila maji wala chakula, kwa mtu ambaye chembe zake ziko chini? Kuna mama tuliyekuwa tunakaa naye benchi moja. Aliacha dawa kwa ajili ya chumba cha maombi, akarudi wakati kidonda kimeshafunguka. Hakukosa imani. Alikosa miezi.

---

MzeeWaKadutu

Mchungaji wangu mwenyewe nimtendee haki: ndiye aliyenilipia boti mara mbili na kunishikia kapu nikitapika. Maombi yake alifanya humohumo kwenye boti, kwa sauti ya chini, tukiwa tumepita kisiwa cha Idjwi. Watu wa Mungu wako wa aina nyingi.

---

MwanaTemeke

Habari za huko Kongo. Mimi ni wa Dar, mama yangu alitibiwa Ocean Road, hospitali ya kansa. Nina jambo dogo tu.

Wageni walikuwa wakija nyumbani na sura ya msiba, wanakaa kimya, wanatikisa kichwa. Mama ni Yanga damu. Siku moja akasema kuanzia leo anayekuja kuniona aje na matokeo au asije. Basi watu wakawa wanasoma magazeti njiani. Shangazi yangu, hajui mpira hata kidogo, akaja akasema "Yanga imeshinda goli mbili kwa jana." Tunaucheka mpaka leo.

Mpe kila mgeni kazi, dada. Huyu alete maji, huyu asuke watoto, huyu alete umbea wa mtaa. Mwenye kazi hana nafasi ya kutoa hotuba.

---

MamaWaPanzi

Nimejiunga kwa ajili ya uzi huu. Niko Bukavu. Mtoto wangu wa kiume alivimba shavu, meno yakaanza kucheza, tukadhani ni jino. Kumbe ni kansa ya watoto, limfoma ya Burkitt. Usiku mmoja ulikuwa unaona imeongezeka, naapa. Dokta akasema inakua haraka lakini pia inasikia dawa haraka. Sikumwamini. Baada ya dozi ya kwanza shavu likaanza kushuka, nikamwita jirani aje aangalie kama ni macho yangu.

Kilichotusumbua ni kwamba akishapata nafuu kila mtu alisema inatosha, mrudishe nyumbani. Bwana yangu pia. Mtoto anacheza mpira koridoni, kwa nini aendelee kuchomwa sindano mgongoni? Muuguzi mmoja alinikalisha chini akasema wanaoondoka mapema ndio tunaowaona wakirudi. Tukamaliza zote. Sasa yuko darasa la tatu na ni msumbufu.

Mshonaji, wewe ulilia usiku, mimi nililia chooni kwa hospitali, ndiyo sehemu pekee yenye mlango.

---

Muuguzi_Himbi

Mama wa Panzi, ni hivyo hasa. Ugonjwa huo umepewa jina la daktari Denis Burkitt, aliyeueleza mwaka 1958 alipokuwa akifanya kazi Uganda, kwa hiyo ni ugonjwa uliojulikana hapahapa kwetu kabla ya kwingine. Na unapona, kama mtoto anamaliza dawa.

Niongeze kwa Papa Katuba. Mashine kuharibika si bahati mbaya ya familia yake peke yake. Mwaka 2016 mashine ya mionzi ya Uganda iliharibika kabisa, ilikuwa ndiyo pekee nchini, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Nasema hivi kwa sababu wagonjwa wengi wananiambia "nina mkosi", "nimelaaniwa". Mashine mbovu, bariyeri iliyofungwa, benki iliyofungwa: hayo ni ya nchi na ya serikali, na mtu ana haki ya kuyakasirikia. Mimi ninavyowaona, mgonjwa mwenye hasira anafika randevu. Aliyekubali kwamba ni mkosi wake anabaki nyumbani.

Kwa upande wa Rwanda, kwa wanaoniuliza inboksi: hospitali ya Butaro iko kaskazini, wilaya ya Burera, kituo chake cha kansa kilifunguliwa 2012. Mionzi iko Kanombe, Kigali, ilianza 2019. Kutoka Goma mtu anapita Gisenyi na Musanze. Msipande gari kabla ya kupiga simu na kujua karatasi gani zinatakiwa.

---

Kimya_Birere

Nimemsomea dada yangu uzi wote. Amesema niulize: mnafanya nini siku mbili tatu baada ya dawa, ile siku ambayo hata harufu ya mafuta ya mawese inakutapisha?

---

MshonajiNdosho

Mwambie dada mimi siku hizo sidai chochote kutoka kwangu. Situmaini, sikati tamaa, nalala. Sombe inapikwa kwa jirani. Uji wa sosoma uliopoa, kidogokidogo kwa kijiko, na tangawizi. Dawa ya kutapika nameza kabla sijaanza kujisikia vibaya, si baada. Vidonda vya mdomo nasukutua maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi na bikaboneti kidogo. Siku ya nne au ya tano unashangaa unataka chapati.

Na kuna kitu nimefanya wiki hii. Mteja amekuja na kitenge cha harusi ya dada yake, harusi ni Desemba, nguo za wasimamizi wote. Zamani ningemwambia "tuone kwanza". Nimempima, nimechukua arbuni, nimeandika. Binti wa jirani anatia uzi, mimi nakata. Kukata hakutaki ncha za vidole, kunataka macho na mkono mzima. Kwa hiyo naye sasa najikuta namfundisha, na ana mkono mzuri kuliko wangu nilipoanza, tatizo lake ni kwenye kola.

---

PapaKatuba

Desemba ni nzuri. Arbuni usiirudishe hata akigeuka.

---

MshonajiNdosho

Nimerudi kutoka kule, natoa habari.

Chembe nyeupe zilifika kiwango wanachotaka, kwa hiyo nilipewa dawa. Lakini kabla ya hapo nilitoa karatasi yangu, mikono inatetemeka. Nikasema: dokta, mimi ni mshonaji. Alinyamaza, akanishika vidole kimoja kimoja, akachukua kitu chenye ncha akawa ananigusa nikiwa nimefunga macho, niseme kama nasikia. Viwili vya kulia sikusikia kabisa. Akapunguza kipimo. Akasema ningemwambia mapema, nikasema ningeulizwa mapema, tukacheka wote wawili, lakini mimi nilikuwa namaanisha.

Vipokezi: nina cha estrojeni. Kwa hiyo baada ya operesheni na mionzi nitaungana na Mzee wa Kadutu kwenye kidonge. Mzee, jiandae kunivumilia.

Si yote mazuri. Kuna tezi iliyovimba kwapani ambayo mwanzoni haikuandikwa, wamesema itatolewa pamoja na titi na kupimwa. Nilipoisikia, tumbo lilinishuka. Nililala kwa yaya Gisenyi, sikula. Asubuhi nikamwambia yaya naogopa, na usiniambie kuraji. Akasema sawa, hata mimi naogopa, tukanywa chai.

Operesheni ni baada ya dozi zilizobaki. Pesa ya operesheni haijatimia. Kwaya wamefungua likelemba, mchango wa pamoja, kwa ajili yangu, na wateja wanalipia kwa simu. Sijui kama itatosha. Naendelea kukata nguo za wasimamizi.

---

MzeeWaKadutu

Karibu kwenye kidonge. Meza wakati mmoja kila siku. Mimi nameza na habari za jioni za redio, kwa hiyo nikisahau kidonge ni kwamba sijui hata habari za nchi. Utatokwa jasho la ghafla. Mke wangu anasema sasa nimeelewa alichokuwa anasema miaka yote.

---

Essence_Bkv

Samahani kuingilia. Nina miaka thelathini na tisa, Bukavu. Nimesoma huu uzi kwa siri kwa simu ya mdogo wangu. Nina uvimbe tangu Pasaka. Nimepata karatasi ya kwenda kupimwa ng'ambo, sijamwambia mtu hata mmoja. Nikienda natakiwa kubeba nini? Naogopa kufika na kuonekana mjinga.

---

MshonajiNdosho

Dada, hakuna mjinga pale, tulifika wote hivyo.

Mwambie mtu mmoja kwanza, yule asiyependa kuongea sana. Utahitaji wa kukaa nawe benchi na wa kusikiliza dokta anaposema, kwa sababu neno la kwanza likikupiga, mengine hutayasikia. Beba karatasi zote hata zilizochakaa: ekografi, vipimo vya damu, hiyo barua ya kukutuma. Piga picha kila karatasi ubaki nayo kwenye simu. Kitambulisho na karatasi ya kuvukia. Daftari na kalamu. Sweta nzito na soksi, kule milimani kuna baridi na benchi ni za sementi. Chakula cha kula bila kupasha moto. Kitenge cha ziada, kinafunika, kinatandikwa, kinafuta machozi bila mtu kuona. Pesa iwe ndogondogo, si noti moja ya dola mia ambayo watakukatalia kwa sababu ina alama ya kalamu.

Uvimbe mwingi wa titi si kansa, dada. Na kama wako ni kansa, Pasaka si mbali kiasi hicho, ila usingoje sikukuu nyingine.

Wewe kwa Bukavu utavukia Rusizi, sivyo? Ukijua tarehe iandike hapa hapa. Yaya wangu anawajua wanawake wa Kamembe wanaouza vitenge, atamuuliza mmoja akupokee upande ule.

---

Essence_Bkv

Ni Alhamisi ijayo. Nitamwambia huyu mdogo wangu mwenye simu, anaonekana ameshaanza kushuku.